Mtoto Akisema Paukwa, Nani Ataitika?

Mdogo wangu ameupanda mlima Rwenzori mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na safari zote hizo alikuwa amelala chali kitandani. Alianza akiwa na miaka 7, mwaka 1999, katika wodi ya watoto ya hospitali moja wilayani Kasese, Uganda. Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Mimi nilikuwa wa kuleta uji asubuhi na kurudisha vyombo jioni.

Ana selimundu, siko seli kama wengi wetu tunavyoiita. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara laini, kwake hujikunja kama mundu na kukwama katika vishipa vyembamba, na mfupa uliokosa damu huuma hata mtu mzima akapiga mayowe. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper, katika kupima damu za watu wa Uganda, waliwakuta Waamba wa Bundibugyo, upande wa pili wa mlima wetu, hadi 45 katika kila 100 wakiibeba chembe hiyo. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta wanaoibeba ni 13.3 kwa kila 100. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huishi bila taabu. Anayeteseka ni yule aliyeipata kwa baba na kwa mama. Siku zile tulikuwa na vidonge vya foliki, dawa ya malaria, panadol na dripu. Kilichopungua alikileta mjomba.

Mjomba alikuwa mpagazi wa mlimani. Sisi Wakonzo tumekuwa tukiwabebea wageni mizigo huko tangu zama za Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Kiitaliano aliyefika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwezi Juni 1906. Lakini Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo, vita vikapanda milimani, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Rwenzori ikafungwa. Haikufunguliwa hadi 2001. Mpagazi aliyefungiwa mlima hana pa kwenda, basi mjomba akawa anashika zamu ya usiku ili mama apate kusinzia.

Usiku mmoja miguu ilipozidi kuuma, mjomba alimwinamia akamnong'oneza: "Mjomba, kuna mzungu amekuja na mzigo mzito. Wapagazi wote wameukimbia. Wewe utauweza?"

Mtoto akanyamaza kulia, akauliza mzigo una nini ndani.

"Hataki kusema. Ila ni mzito kweli."

Tangu usiku ule maumivu yakawa mzigo wa mzungu yule. Mjomba alimpa njia yote jinsi alivyoijua kwa miguu yake mwenyewe: kibanda cha Nyabitaba katika msitu wa mbega, kisha daraja, kisha kibanda kilichopewa jina la John Matte, kisha matope ya Bigo ambako mtu huruka kutoka fundo la nyasi hadi fundo jingine na akikosea huzama hadi mapajani, kisha Bujuku, kisha miamba ya Elena, kisha theluji. Sindano ilikuwa mlinzi wa lango la hifadhi. Hupiti bila kumwonyesha mkono. Dripu ilikuwa mto uliokuwa ukitiririka kando ya njia. Na mpagazi anaruhusiwa kulia, mjomba alisema, maana huko juu hata wanaume wenye ndevu hulia kwa baridi. Asichoruhusiwa ni kuutupa mzigo bila kumwambia mwenzake.

Kwa hiyo kila baada ya muda mwenzake alimuuliza, "Umefika wapi?" naye akajibu.

Nimeyafikiria maneno hayo mawili kwa zaidi ya miaka 25, na ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Watu wengi wakisikia kwamba mtoto aliye mahututi amepata ujasiri kwa kuwaza na kutunga, hudhani ujasiri huo ulitoka ndani ya kichwa chake peke yake, kama maji ya chemchemi. Hawaoni aliyekuwa akiuliza. Waswahili walilijua hili zamani. Msimulizi husema "Paukwa!", na hadithi haiendi mpaka watu waitike "Pakawa!" Kusipokuwa na mwitikiaji, paukwa ni neno tupu lililopigwa gizani.

Katika wodi ile kulikuwa na sista mmoja wa makamo aliyeitika. Mwanzoni alikuwa akimuuliza mdogo wangu, "Unaumwa sana au kidogo?" na mtoto, kama watoto wote, alijibu "sana" akitaka dawa na "kidogo" akiogopa sindano. Kisha sista akausikia mchezo. Akaanza kuuliza, "Umefika wapi, mpagazi?" Akijibiwa Nyabitaba, alitoa panadol akaendelea na zamu yake. Akijibiwa Bigo, alikwenda kumwita daktari bila kuuliza swali la pili. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1983 wanawake wawili wa Marekani, Donna Wong na Connie Baker, walichora nyuso 6, kutoka inayocheka hadi inayotiririkwa na machozi, ili mtoto aonyeshe kwa kidole anavyoumia. Nyuso hizo zimeenea hospitali nyingi za dunia. Sista wetu hakuwa nazo, lakini alipata kipimo kilekile ndani ya hadithi ya mtoto, na nina hakika kilikuwa sahihi zaidi, kwa sababu mtoto hakuwahi kudanganya kuhusu mlima. Alidanganya kuhusu maumivu, lakini hakuna siku aliyosema yuko Elena ilhali yuko Bujuku.

Wengine hawakupenda. Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana alimwambia mama kwamba tunamzoesha mtoto uongo, atakua na tabia ya kutunga mambo. Na mzee mmoja aliyekuja kutuombea alishtuka alipomsikia mtoto akiongea na mtu aliye juu ya mlima. Hofu yake ninaielewa. Kwetu sisi mlima una mwenyewe. Wazee wa Kikonzo humtaja Kitasamba, mkuu wa theluji, na mtoto wa Bwera, huku Kasese, anayesema na wa mlimani hasikiki kama mtoto wa Kampala anayesema na katuni. Mzee alitaka mtoto akemewe pepo. Mama, mwanamke wa kanisa kweli kweli, alisimama kati ya kitanda na mzee akamwambia kwa adabu kwamba mtoto yuko kazini. Mzee akaomba dua ya kawaida, akaondoka. Sijawahi kuona ushujaa wa mama unaozidi ule.

Hilo neno "uongo" ndilo ninalotaka kulijibu hapa, maana bado linasemwa. Wodini uongo upo mwingi, lakini wanaousema ni sisi wakubwa. "Haitauma." "Kesho tunarudi nyumbani." "Usilie, wewe ni mwanamume." Tunayasema ili sisi wenyewe tupumue. Mtoto anayaona na anayajua. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alichapisha kitabu juu ya watoto wenye saratani ya damu aliokaa nao hospitalini, wengi wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 9. Hakuna aliyewaambia watoto wale kwamba wanakufa, na walijua. Walijua kwa kuhesabu dawa, kwa kuwatazama wenzao ambao vitanda vyao viliachwa wazi, kwa jinsi mama anavyotoka nje kulia. Kisha wakaificha siri hiyo ili wasiwaumize wazazi wao. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwa muda. Mtoto wa miaka 5 anabeba kifo chake na bado anamlinda mama yake, kwa sababu watu waliomzunguka wamemfungia mlango wa kusema.

Hadithi ya mpagazi haikumwambia mdogo wangu kwamba haumwi. Ilimwambia mzigo ni mzito na njia ina matope, na kwamba kuna mtu anayetembea naye. Mimi sioni uongo hapo. Naona ukweli uliokatwa vipande ambavyo mtoto anaweza kuvimeza, kama tunavyomvunjia kidonge kikubwa.

Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, aliugua polio akiwa na miaka 6. Katika shajara yake aliandika kwamba siku hizo alikuwa akipuliza pumzi juu ya kioo cha dirisha, akichora mlango kwa kidole, kisha akitoka kwa mlango huo kwenda kwa msichana wa kuwaziwa. Msichana huyo alicheza dansi kama asiye na uzito, naye Frida alimsimulia shida zake. Alikuwa na mguu unaosinyaa, akajitungia rafiki anayecheza, na zaidi ya hayo rafiki anayesikiliza. Hata katika ndoto zao watoto wagonjwa wanatafuta wa kuitika.

Sasa nije Bwera, kwenye jambo lililo gumu zaidi.

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuvuka kutoka Kongo katika mlipuko ulioanza huko Agosti 2018. Alikuwa mvulana wa miaka 5. Familia yake ilitoka kumuuguza na kumzika babu, wakaingia Kasese, mtoto akapelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kitengo cha Ebola cha hospitali ya Bwera. Alifariki siku hiyohiyo. Bibi yake akamfuata. Mdogo wake wa miaka 3 alirudishwa Kongo pamoja na jamaa zake, na huko naye akafa. Tarehe 28 Agosti mwaka uleule msichana wa miaka 9 alifika mpaka wa Mpondwe na mama yake, akitafuta matibabu. Wapimaji wa joto wakamkuta na homa, akapelekwa Bwera, na tarehe 30 alikuwa amekufa.

Hakuna ninayemlaumu. Uganda ilikuwa imewachanja watumishi wa afya karibu 4,700 kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, na ugonjwa haukumwambukiza hata mtu mmoja ndani ya nchi mwaka ule. Watu wa Bwera waliovaa mavazi yale ya kujikinga katika joto la bondeni, wakijua kwamba tone moja linatosha, walituokoa sote, na sisi tuliokuwa tukilala vitandani mwetu usiku ule tuna deni kwao.

Wala sitawatungia watoto wale ndoto. Lakini naweza kusimama pale walipokuwa na kutazama kwa kimo chao. Mtoto wa miaka 5 analala. Mlangoni anaingia mtu asiye na uso. Ana kichwa cha plastiki, macho nyuma ya kioo chenye ukungu, mikono isiyo na ngozi, sauti inayotoka kama ndani ya pipa. Anamgusa, anamchoma, anaondoka, anakuja mwingine anayefanana naye. Kila hadithi aliyowahi kusimuliwa ilimfundisha huyo ni nani: ni zimwi. Na akili yake, ileile ambayo ingeweza kumpa mlima wa kupanda, sasa inamgeukia. Hili ndilo watu wanaosifu mawazo ya watoto husahau. Kuwaza hakuna huruma kwenyewe. Kukikosa mtu wa kushika mkono wake, kwenda kwake ni kule kule hofu inakokwenda, tena mbio.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, walilazimika kulijibu swali la nani atamshika mtoto mkono, kwa sababu watoto wao walikuwa wengi. Mlipuko ule uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Kule Beni, mji wa Wanande, ambao ni ndugu zetu kwa damu na lugha, shirika la madaktari la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, na mikono ya glavu iliyounganishwa ukutani, ili mgonjwa ahudumiwe na mtu aliyesimama nje akiwa na uso wake. Mama aliweza kuketi upande wa pili wa ukuta ule akamwona mwanawe, na mwanawe akamwona. Kisha kuna jambo lililonigusa zaidi. Waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imejenga kinga, waliajiriwa kuwashika watoto. Waliingia kwa wagonjwa wadogo na kukaa nao, na UNICEF ilisaidia kufungua nyumba ya kulelea watoto waliotengwa na mama zao kando ya kituo cha matibabu. Kwa Kifaransa waliwaita berceuses. Mimi nitawaita wabembelezi. Watu waliotoka hai ndani ya tumbo la zimwi walirudi mlangoni kumwambia mtoto: mimi nimepita hapa.

Hata mavazi yanaweza kupewa uso. Mwaka 2015, Liberia ikiwa bado katika Ebola, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan aliwapiga wauguzi picha wakitabasamu, akazichapa kwenye karatasi za kubandika, kila mmoja akabandika sura yake kifuani juu ya vazi. Karatasi moja tu, na mgonjwa akajua aliye nyuma ya plastiki ni nani.

Nimesema mengi juu ya hadithi, na kuna mtu atakayeniambia kwamba Kasese inahitaji damu, vitanda na dawa kabla ya wasimulizi. Kuhusu dawa niko upande wake kabisa. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe, hakuna hadithi ambayo ingeweza kuwa badala ya hospitali. Mtoto aliyekwama Bigo anahitaji mofini kwanza. Na hapo Uganda ina cha kujivunia: tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, nchi hii imekuwa ikitengeneza mofini ya maji, ya kunywa, isiyo ghali, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Mdogo wangu aliipata kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Aliniambia ilikuwa kama mtu amempokea mzigo begani kwa mwendo wa kilomita moja. Aliendelea kuwa mpagazi. Dawa ilimpa nafasi ya kuvuta pumzi na kuangalia njia. Kwa hiyo anayenitaka nichague kati ya chupa ya mofini na mtu wa kuuliza "umefika wapi" ananiomba nichague mguu mmoja wa kutembelea.

Ninachokiomba hakigharimu jengo. Bibi asifukuzwe wodini saa za kutazama wagonjwa zikiisha, kama mtoto anamhitaji usiku. Wauguzi wanafunzi wafundishwe kuitika, kama wanavyofundishwa kutafuta mshipa. Wasimulizi wapo: kila kijiji kutoka Kisinga hadi Karambi kina mzee anayejua hadithi za Kikonzo ambazo wajukuu hawamwombi tena. Na vitengo vya kutenga wagonjwa, ambavyo Bwera itavihitaji tena kwa sababu mpaka hauhami, viwekwe dirisha ambalo mtoto anaweza kuliona kutoka kitandani.

Na simu, tafadhali, isihesabiwe kuwa jibu. Siku hizi mtoto akilia anashikishwa simu yenye katuni, na ananyamaza kweli. Lakini katuni haingoji. Haiulizi amefika wapi, na akiacha kujibu haitambui.

Mwaka jana mdogo wangu alilazwa tena. Ana miaka 33 sasa, anafundisha shule ya msingi, na mlima wenyewe hajaupanda. Daktari alimkataza, kwa kuwa huko juu hewa ni nyembamba na chembe zake zingejikunja zote. Wodi ya wakubwa ilikuwa imejaa, wakamweka chumba cha pembeni pamoja na msichana wa miaka kama 8, mwenye ugonjwa uleule, kutoka kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta dawa mjini. Msichana alikuwa amegeukia ukuta, amekunja magoti, halii. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mkononi nina chupa ya uji.

Mdogo wangu alimtazama muda mrefu. Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe hayuko mbali na Bigo, akamuuliza, "Mwenzangu, umefika wapi?"

Msichana hakuelewa. Akamweleza: yeye yuko mlimani, amebeba mzigo, amepita daraja lakini matope ni mengi. Msichana akageuka nusu, akaiangalia dripu ya mdogo wangu, kisha akaiangalia ya kwake.

"Mimi sipandi mlima," akasema. "Niko ziwani."

"Ndani ya mtumbwi?"

"Ndani ya mtumbwi."

"Umeingia maji?"

Akafikiri. Akapapasa goti lake. "Yamefika hapa."

"Haya," mdogo wangu akasema, akijivuta taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, "nipe kata, tuyachote."